Michezo Itokayo Mbali na Shaka Zake

Mwezi wa Machi 2009, katika mji wa San Francisco, Steve Perlman alisimama mbele ya mkutano wa watengenezaji wa michezo ya video akaonyesha jambo lililofanana na kiinimacho. Mchezo uitwao Crysis, ambao siku zile ulizielemea hata kompyuta za bei kubwa, ulichezwa bila taabu katika kompyuta hafifu. Siri yake ni kwamba mchezo haukuwamo ndani ya kompyuta ile. Mashine yenye nguvu iliyouendesha ilikuwa mbali, katika nyumba ya seva. Kilichomfikia mchezaji ni picha tu, zilizobanwa na kupelekwa kwa njia ya intaneti mfano wa sinema. Na kilichorudi kwa mashine ni habari ya kibonyezo kilichobonyezwa. Kampuni yake iliitwa OnLive, na ahadi yake ilikuwa kwamba siku za kununua mashine ya kuchezea zilikuwa zikielekea ukingoni.

Perlman hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa WebTV, kampuni iliyoleta intaneti katika televisheni za majumbani, ambayo Microsoft iliinunua katika mwaka 1997. Hata hivyo hazikupita siku nyingi kabla ya shaka kuandikwa. Katika gazeti la Eurogamer la Uingereza, Richard Leadbetter alitoa makala ambayo kichwa chake chenyewe kilisema kuwa jambo hili haliwezekani kabisa. Hoja zilizotolewa mwezi ule zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilihusu ukawio, yaani muda unaopita kati ya kidole kubonyeza na jicho kuona matokeo. Ya pili ilihusu gharama, kwa kuwa kila mchezaji angehitaji mashine nzima ya thamani imtumikie yeye peke yake. Watu wengi walioingia katika ubishi huo waliishika hoja ya kwanza na kuiacha ya pili. Si ajabu: ukawio huhisiwa na vidole vya kila mchezaji, na gharama huhisiwa na mtunza hazina peke yake. Lakini miaka iliyofuata iliupindua mpango huo wa hoja, ikaonyesha kwamba ile iliyotiliwa maanani kidogo ndiyo iliyokuwa nzito.

Ili uzito huo ueleweke, yafaa kurudi nyuma karibu nusu karne, maana waliolitetea wazo la OnLive walipenda kusema kwamba kompyuta ya mbali yenye kutumikiwa na wengi si jambo jipya. Kwa upande mmoja walisema kweli. Mwaka 1961, katika sherehe za miaka mia ya chuo cha MIT, John McCarthy alitabiri kwamba huenda nguvu ya kompyuta siku moja ikauzwa kwa umma kama ilivyo huduma ya simu. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule, katika chuo hicho hicho, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa kwanza wa namna hiyo, ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Donald Bitzer alikuwa ameanza mwaka 1960 mfumo wa kufundishia uitwao PLATO. Ulipokua katika miaka ya 1970, wanafunzi waliokaa mbele ya vioo vyake vya rangi ya chungwa, wengine katika miji ya mbali, waliungana kwa nyaya za simu na kompyuta iliyokuwa Urbana. Wanafunzi hao hawakukawia kugundua kwamba chombo cha masomo chaweza kuwa chombo cha mchezo. Empire, mchezo wa vita vya angani wa mwaka 1973, uliwakutanisha watu waliokuwa mbalimbali, na saa nyingi zilizokusudiwa elimu zikaishia humo.

Basi wale waliosema kuwa haijapata kutokea mtu akacheza kwa mashine iliyo mbali naye walikosea kwa zaidi ya miaka 30. Lakini watetezi nao walikosea kwa namna isiyoonekana upesi. Faida ya mifumo ile ya kale ilitoka katika uzembe wa binadamu. Mtu aandikaye hufikiri, hukuna kichwa, hutafuta herufi. Na katika mapengo hayo, ambayo kwake ni kufumba na kufumbua, kompyuta huwa imeshawahudumia wengine kumi. Mashine moja ikagawanywa kwa watu wengi kwa sababu hapakuwa na hata mmoja wao aliyeihitaji wakati wote. Hata Empire ya Illinois haikudai kitu kikubwa: mistari michache juu ya kioo na hesabu ndogo kwa kila kibonyezo.

Mchezo wa zama hizi hauna mapengo hayo. Picha 60 huchorwa upya kila sekunde, mchezaji abonyeze asibonyeze. Akisimama kuitazama milima ya kubuni, mashine inaendelea kuichora milima hiyo kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo nasaba iliyodaiwa ilikuwa ya jina tu. Wingu, kama biashara hii ilivyokuja kuitwa, lilirithi nyaya na umbali wa CTSS, likaikosa ile hali iliyoifanya CTSS iwe na faida.

Tuje sasa kwenye umbali wenyewe. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Hivyo kila kilomita 100 za njia hugharimu milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Picha moja kati ya zile 60 huishi kwa milisekunde kama 17. Ukiongeza muda wa kuibana picha, muda wa kuifungua, na foleni za njiani ambazo hazitabiriki, utaona kwamba mtu aliye kilomita mia kadhaa kutoka seva anaweza kucheza kwa raha, na aliye kilomita elfu kadhaa hawezi. Uhandisi hupunguza mengi katika hesabu hii, ila haupunguzi mwendo wa mwanga.

Lakini shaka ya ukawio ilikuwa na udhaifu mmoja: iliilinganisha huduma mpya na mashine ya nyumbani isiyokuwako. Wapimaji walipozichunguza mashine za majumbani za wakati ule, walikuta kwamba michezo kadhaa mashuhuri ilikuwa tayari na ukawio wa zaidi ya milisekunde 100 kabla ya televisheni kuongeza wake, na mamilioni ya watu waliicheza pasipo malalamiko. Huduma ya OnLive ilipofunguliwa Juni 2010, wenye vidole vyepesi waliuona utofauti mara moja na wakaukataa. Wengine waliona picha imefifia kidogo na mambo yanakwenda. Lile lililosemwa kuwa haliwezekani likawa linawezekana, ingawa si kwa uzuri ulioahidiwa.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, hesabu ile ya kilomita ina sura nyingine. Mwaka ule ule wa 2009 ambamo Perlman alitoa ahadi yake, mikongo ya TEAMS na SEACOM ilifika katika pwani hii. Kabla yake intaneti ilipitia kwa sehemu kubwa katika setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya dunia, ambako swali na jibu huchukua karibu nusu sekunde. Mikongo ilikuwa neema isiyo na mfano. Lakini kutoka Dar es Salaam hata London ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na mkongo haunyooki. Milisekunde 70 zimekwisha kabla mashine haijafanya lolote. Tena megabiti 10 kwa sekunde, kiwango cha wastani kwa michezo hii, hula gigabaiti nne na nusu kwa saa moja, jambo ambalo mtu anunuaye intaneti kwa kifurushi hahitaji kuelezwa maana yake. Hapa, basi, shaka ya kwanza haikupoteza nguvu zake. Google ilipofungua huduma yake mwaka 2019 katika nchi 14, nchi hizo zote zilikuwa za Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Turudi kwa OnLive. Agosti 2012 wafanyakazi waliitwa wakaambiwa kwamba kazi zao zimekwisha. Mali ya kampuni ikawekwa chini ya taratibu za kulipa wadeni, ikahamia mikononi mwa mwekezaji mwingine kwa bei iliyoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 5, wakati kampuni hiyo hapo awali ilisifiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Habari zilizotoka katika siku zile zilisema kwamba kampuni ilikuwa na maelfu ya seva, na kwamba watu waliocheza kwa wakati mmoja hawakupata kufika 2,000. Hebu itazamwe hali hiyo. Hakuna aliyekufa kwa ukawio. Kilichoiua OnLive ni seva zilizowashwa zikingojea wageni wasiofika. Huduma ilikokotwa hadi Aprili 2015, ndipo Sony ilipoinunua milki yake ya hataza na kuifunga. Sony ilikuwa imekwisha kuinunua Gaikai ya David Perry Julai 2012 kwa dola milioni 380, mwezi mmoja tu kabla ya anguko la mshindani wake. Nayo Gaikai ilikuwa imejihadhari zaidi, maana ilianza kwa kutoa vionjo vya michezo kwa watu wafikirio kununua.

Wengi walijiuliza, na swali ni la haki, kwa nini sinema zimefaulu kwa njia hii na michezo ikashindwa. Netflix ilianza kupeleka sinema kwa intaneti mwaka 2007 na haikuchukua muda ikatanda duniani. Jibu limo katika tabia ya vitu viwili hivyo. Sinema imekwisha kutengenezwa. Nakala moja yaweza kuwekwa karibu na mji, ikatumikia watu laki kwa gharama ndogo. Na dakika inayokuja yaweza kutangulizwa, ili njia ikikatika kidogo mtazamaji asijue. Mchezo haujatengenezwa mpaka mchezaji abonyeze. Hauwezi kutangulizwa, kwa kuwa picha ijayo inangojea uamuzi wa mtu. Wala picha ya mmoja haimfai jirani yake, aliyeelekea mlango mwingine. Watu laki wakicheza, mashine laki zinafanya kazi.

Na hapa hoja zile mbili za mwaka 2009, zilizodhaniwa kuwa ni mbalimbali, zinakutana. Mwenye seva angeweza kujiokoa kama seva zake zingezunguka na jua: usiku wa California umalizike, usiku wa Japani uanze, mashine ile ile ihudumie watu wa huku na wa kule. Hivyo ndivyo biashara nyingine za kompyuta za mbali zinavyojaribu kupata faida. Lakini mwanga unamkataza. Seva ya mchezo lazima iwe karibu na mchezaji. Na ikiwa karibu naye, watu wote inaowahudumia hula chakula cha jioni saa moja, huketi kucheza saa moja, na hulala saa moja. Jioni mashine hazitoshi. Alfajiri zimelala, na deni la kuzinunua halilali. Ukawio haukumfukuza mchezaji kama ilivyobashiriwa. Ulimfunga mwenye mali mahali pamoja, na kwa kumfunga ukamfilisi. Wachache kati ya waliotia shaka ndio waliokifunga kifundo hiki kati ya hoja ya kwanza na ya pili, na huenda ndiyo sababu waliofuata walidhani kwamba aliyeshindwa ni OnLive peke yake, si mpango wenyewe.

Google ilidhani hivyo. Machi 2019, katika mkutano ule ule wa San Francisco, Phil Harrison na wenzake walitangaza Stadia. Kama kulikuwa na kampuni iliyokuwa na haki ya kudhani kwamba itashinda, ni hii: vituo vya data katika kila upande, mikongo yake mwenyewe, na fedha ambazo Perlman hakupata kuziota. Huduma ilifunguliwa tarehe 19 Novemba 2019. Kwa upande wa ufundi ilifanya vyema. Mchezo wa Cyberpunk 2077 ulipotoka Desemba 2020 ukiwa umejaa kasoro katika mashine kongwe za majumbani, wale walioucheza kwa Stadia walikuwa miongoni mwa wenye nafuu. Huo ndio wakati ambao shaka ya ukawio ilikanushwa hadharani kuliko wakati mwingine wowote, na haikusaidia kitu.

Kwani Google ilikuwa imechagua njia ya ajabu ya kukabili gharama: ilimtaka mteja anunue kila mchezo kwa bei kamili, bei ile ile anayotoa mtu anayerudi nyumbani na diski mkononi, ilhali yeye hapati cha kushika wala cha kuhifadhi. Siku huduma itakapofungwa, mchezo umetoweka. Na mteja huyo alijua tabia ya muuzaji. Google ilikuwa imefunga huduma yake ya Reader mwaka 2013, na mtandao wake wa Google+ mwezi wa Aprili 2019, siku chache tu baada ya Stadia kutangazwa. Kwa hiyo watu walizuia fedha zao wakingoja waone kama itadumu. Na kwa kuwa walizizuia, haikudumu. Shaka, ambayo kwa kawaida hutazama jambo kwa nje, iliingia ndani ikawa mojawapo ya sababu. Februari 2021 Google ilivunja karakana zake yenyewe za kutengeneza michezo. Julai 2022 wasemaji wa Stadia walikanusha uvumi kwamba inafungwa. Tarehe 29 Septemba 2022 ikatangazwa kuwa inafungwa, na baadhi ya watengenezaji waliokuwa wakiitayarishia michezo walisema hadharani kwamba walizipata habari pamoja na umma. Kwa kuitendea haki Google, yapasa kusema kwamba iliwarudishia wateja fedha za michezo yao na za vifaa vilivyonunuliwa dukani mwake, jambo ambalo wengi hawakulitarajia.

Je, kwa hiyo wingu limekwisha? La. Limenyenyekea. Huduma zinazoishi ni zile zilizoacha kudai kuwa badala ya mashine ya nyumbani. Microsoft ilifungua yake Septemba 2020 ikiwa nyongeza juu ya ada ya kila mwezi ambayo wateja walikuwa wakiilipa kwa sababu nyingine. Seva zake zilikuwa ni mashine zile zile za Xbox zilizopangwa katika makabati. Yaani yule aliyejitenga na mashine ya nyumbani alikuwa akiikodi ile ile bila kujua. Nvidia, ambayo huduma yake ilitoka katika majaribio Februari 2020, haiuzi michezo. Humkodisha mteja mashine ya kuendeshea michezo aliyokwisha kuinunua kwingine. Asiyelipa hupanga foleni, na mwishoni mwa 2024 ilitangazwa kwamba hata wanaolipa wangewekewa kikomo cha saa 100 kwa mwezi. Kampuni hii ndiyo itengenezayo zile chipu za kuchora picha ambazo wengine huzinunua kwa bei yake. Ikiwa yenyewe yaona haja ya kuhesabu saa za mteja, hapana haja ya ushahidi mwingine kuhusu ile hoja ya pili ya mwaka 2009.

Ila imani haikufa, na mara nyingine imejitokeza mahali pasipotazamiwa. Microsoft ilipotaka kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliuzuia ununuzi huo Aprili 2023. Sababu yake haikuwa mashine za Xbox. Ilikuwa ni hofu juu ya soko la michezo ya wingu, ambalo mamlaka hiyo ilikadiria kuwa Microsoft inashika asilimia 60 hadi 70 yake. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu Stadia kuzimwa. Katika jumba moja la London watu walikuwa wakiulinda mustakabali wa biashara ambayo, huko California, mojawapo ya kampuni tajiri zaidi zilizoijaribu ilikuwa imeona haina mustakabali wa kungojewa. Ununuzi ulikubaliwa Oktoba 2023, baada ya haki za kuionyesha michezo ya Activision kwa njia ya wingu, nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya, kuuzwa kwa Ubisoft ya Ufaransa kwa miaka 15. Ni mauzo ya kitu ambacho thamani yake wakati huo haikuweza kupimwa na yeyote, na kwa hakika ndicho kilichoufungua mlango.

Stadia yenyewe ilizimwa tarehe 18 Januari 2023. Kifaa chake cha mkononi kilikuwa kimeundwa kwa werevu mkubwa: hakikuzungumza na televisheni wala kompyuta iliyo chumbani, bali kilipeleka kila kibonyezo moja kwa moja hadi kituo cha data cha Google, ili kuokoa milisekunde chache. Katika juma lile la mwisho Google iliwapa wenye vifaa hivyo njia ya kuvibadilisha, vikaanza kuzungumza kwa Bluetooth na mashine yoyote iliyo mbele ya mchezaji, umbali wa mita mbili au tatu.